Nani Anashika Kijiti: Historia ya Kuibua Mahitaji ya Kijiji

Julai 1955, umati wa wakulima wa Kiluguru ulikusanyika Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, kusema kwamba hawachimbi tena. Polisi waliitwa, ghasia zikazuka, na mtu mmoja akauawa. Mpango uliokuwa ukiendeshwa kwa miaka mitano haukuinuka tena baada ya siku hizo.

Nia ya mpango wenyewe ilikuwa ya maana. Milima ya Uluguru ni mikali na mvua zake ni kubwa. Udongo unaoporomoka mashambani huingia Mto Ruvu, na mto huo ndio unaotegemewa na watu wa bondeni hadi pwani. Wataalamu wa serikali ya kikoloni waliona mmomonyoko kwa macho yao, wakaandika dawa: matuta ya ngazi. Kila mwenye nguvu alitakiwa kutoa siku zake kila wiki achimbe, na aliyekaidi aliadhibiwa. Lakini katika miteremko mingi ya Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu. Ngazi zilipochimbwa, tabaka hilo lilifukiwa, na udongo wa chini, usio na chakula cha mmea, ukaletwa juu. Mahindi yakadumaa. Isitoshe, ardhi ya Waluguru ni ya koo, hurithiwa kwa upande wa mama, na wengi hulima vipande walivyopewa kwa ruhusa ya ukoo mwingine. Kujenga kitu cha kudumu juu ya shamba la kuazima kulizua hofu ambayo haikuwamo katika ramani ya bwana shamba yeyote. Mwanamke aliyelima mteremko huo kwa jembe la mkono angeweza kuyaeleza yote haya kabla jua halijawa kali. Hakuulizwa.

Hiyo ndiyo sababu ya kuanzia Matombo tunaposimulia historia ya swali fupi ambalo leo mtumishi yeyote wa maendeleo vijijini hutembea nalo: ninyi hapa mnahitaji nini? Wanaoifanya kazi hiyo wana neno lao, kuibua. Jamii huibua mahitaji, huibua vikwazo, huibua miradi. Ni neno la mzamiaji. Kitu kipo chini ya maji, hakionekani kutoka ufukweni, na anayekileta juu ni yule anayejua kilipo. Neno hilo limepita mikono mingi, na katika kila mkono limepata maana tofauti kidogo.

Uluguru haikuwa peke yake. Usambara nako kulikuwa na amri za matuta, na Usukumani watu waliamriwa kupunguza mifugo. Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa limekwisha kutendeka Kongwa. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki tisa tu, ukarudi na pendekezo la kufyeka zaidi ya ekari milioni 3 za pori ili kulima karanga za kuwapatia Waingereza mafuta. Wagogo walikuwa wakiishi na ukame wa Kongwa kwa vizazi, wakijua ni miaka mingapi kati ya kumi mvua hukatika katikati ya msimu. Matrekta yalikuja, majembe yakakatika kwenye udongo ulioiva kama tofali wakati wa kiangazi, na karanga hazikuota kwa kiasi kilichotarajiwa. Mpango ulifutwa Januari 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36.

Kwa hiyo uhuru ulipokuja, kulikuwa na hasira ya kweli dhidi ya maendeleo ya kuamriwa. Hata hivyo serikali mpya haikuiacha tabia ya zamani mara moja. Kufuatia ushauri wa Benki ya Dunia, miaka ya mwanzo ya 1960 ilitumika kujenga vijiji vya makazi mapya vyenye mashine na mameneja. Wakulima wake walijiona vibarua wa serikali, na Aprili 1966 mpango huo ukasimamishwa kwa sababu ya gharama na matokeo hafifu. Miaka miwili na nusu baadaye, Oktoba 1968, Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko la Uhuru na Maendeleo. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba mtu hawezi kuendelezwa na mwingine: hujiendeleza mwenyewe kwa kushiriki katika maamuzi yanayomhusu, na asiposhiriki anakuwa anaswagwa kama mnyama.

Wakati huo kulikuwa na watu ambao tayari walikuwa wakiishi hivyo. Huko Songea, vijana wa chama cha TANU walikuwa wameanzisha kijiji cha Litowa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwanzo wao ulikuwa wa njaa na kukata tamaa, na wengine waliondoka. Waliobaki walijenga utaratibu wa mikutano ambayo kila jambo lilizungumzwa humo: nani alime wapi, shule ifundishe nini, mashine ya kusaga iwekwe lini. Kutoka Litowa kilizaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichofikia vijiji 17. Nyerere alivipenda, na wageni kutoka nchi za mbali walifunga safari kwenda kuviona. Viongozi wa mkoa na wa chama hawakupendezwa na watu waliokuwa wakijiamulia bila wao, na Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku chama hicho. Mali zake zilichukuliwa. Ni ukurasa mchungu katika historia yetu, na bado haujasomwa na wengi wanaofundisha ushirikishwaji leo. Miaka minne baadaye ilikuja amri ya kila mtu kuishi kijijini, na hadi mwishoni mwa 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishwa, wengine kwa malori, nyumba zao za zamani zikibomolewa nyuma yao.

Katika miaka hiyohiyo ya malori, kundi dogo la walimu na watafiti lilikuwa likitafuta njia nyingine.

Mmoja wao alikuwa Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyefika Tanganyika mwaka 1952, akafundisha katika chuo cha ualimu cha Ashira, Kilimanjaro, kisha akaishi miongoni mwa Wazaramo wa pwani akijifunza mila zao. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliona jinsi utafiti ulivyokuwa ukifanyika: gari linafika, dodoso linajazwa, gari linaondoka, na kijiji hakisikii tena habari zake. Akaanza kuwatuma wanafunzi wakae vijijini, wafanye kazi na watu, na wachunguze matatizo pamoja nao. Jijini, kwenye Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, mtafiti Budd Hall alikuwa na swali linalofanana. Mwaka 1971 Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyefukuzwa na serikali ya kijeshi ya nchi yake, alifika Dar es Salaam na kuzungumza na watu hawa. Mwaka 1975 Hall alihariri toleo la jarida la elimu ya watu wazima lililolipa jambo hili jina lililoenea duniani: utafiti shirikishi. Nchi nyingi zilizojifunza neno hilo baadaye hazikujua kwamba sehemu ya mizizi yake iko katika pwani ya Wazaramo na Bagamoyo.

Bagamoyo ndiko ulikozaliwa mradi wa Jipemoyo mwaka 1975, ushirikiano wa wizara iliyosimamia utamaduni na Akademia ya Finland. Jina lilichezea historia ya mji wenyewe, pale wapagazi walipobwaga mioyo yao. Watafiti, miongoni mwao Kemal Mustafa, walikaa na wakulima na wafugaji wa magharibi ya wilaya. Waparakuyo, wafugaji wa jamii ya Kimaasai, walikuwa wakitazamwa na maofisa kama tatizo la kutatuliwa: wanahamahama, hawajengi, hawasomi. Katika mazungumzo ya miezi mingi walieleza hitaji ambalo hakuna aliyelitegemea. Walitaka kijiji chao kitambuliwe, lakini kiwe kijiji cha ng'ombe, chenye malisho na josho. Kijiji cha jembe walikuwa nacho kwenye karatasi za serikali, na hakikuwafaa kitu.

Kisa cha Bwakira Chini kinastahili kukaliwa zaidi. Kijiji hiki kipo Morogoro Vijijini, barabara ileile inayopita Matombo kuelekea kusini. Zamani hizo, kila mwaka sehemu ya nafaka iliyovunwa Tanzania iliishia tumboni mwa panya na wadudu, na jibu la kawaida la wataalamu lilikuwa ghala la kisasa la saruji au bati. Mwaka 1976 timu ya Watanzania na wageni, ikifanya kazi chini ya mfuko wa maendeleo ya jamii wa wakati huo (Community Development Trust Fund), iliamua kwenda bila ramani ya ghala mfukoni. Walikaa kijijini kwa wiki kadhaa. Walizunguka na wanakijiji kwenye maghala, wakafungua, wakachunguza: panya wanapita wapi, unyevu unaingia wapi, wadudu wanaanzia shambani au ghalani? Kila mkutano ulimalizika na maswali ya kupeleka nyumbani.

Ilidhihirika kwamba dungu, ghala la asili la miti lililoinuliwa juu ya nguzo, lilikuwa na akili nyingi ndani yake. Lilikuwa na kasoro pia, na wenyewe walizijua. Kutokana na mazungumzo hayo yalitoka mapendekezo ya kuliboresha kwa vifaa vilivyopatikana hapohapo, pamoja na vizuizi vya panya kwenye nguzo zake. Mtu anayesoma habari hiyo leo anaweza kusema, basi, ni kizuizi cha panya tu. Lakini fikiria umbali kati ya Matombo ya 1955 na Bwakira Chini ya 1976. Barabara ni ileile na wakulima wanakaribiana kiutamaduni. Mara ya kwanza mtaalamu alikuja na dawa, na mwisho wake polisi wakaitwa. Mara ya pili alikuja na swali, na kijiji kilimpa jibu ambalo hakuwa nalo.

Sambamba na majaribio haya madogo kulikuwa na kampeni kubwa za redio. Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilikusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza, wakiwa na kitabu kidogo na kiongozi aliyepewa mafunzo. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu, madimbwi yakafukiwa. Mada ilichaguliwa Dar es Salaam, hilo ni kweli, lakini kikundi kilijiamulia kianze na nini, na wazee wengi waliojifunza kusoma miaka hiyo wanaikumbuka redio ile kama darasa.

Njia hizi zilikuwa bado za watafiti na waelimishaji. Mahali zilipokuwa mali ya serikali ya kijiji ni Iringa.

Iringa ya mwanzo wa miaka ya 1980 ilikuwa kitendawili. Ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyolisha nchi mahindi, na wakati huohuo watoto wake walikuwa na utapiamlo wa kutisha. Mwishoni mwa 1983 serikali, pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ilikuwa katikati ya kazi hiyo, na wataalamu kama Olivia Yambi na Urban Jonsson walishiriki kuijengea fikra zake.

Kazi ilianza na mizani. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku yake ya afya. Mizani ya kuning'iniza ilifungwa kwenye tawi au kwenye boriti ya jengo, mtoto akatiwa katika kikaptura cha kitambaa, akalia, akapimwa. Uzito uliandikwa kwenye kadi yenye rangi: kijani kwa anayekua vizuri, kijivu kwa anayepungukiwa, nyekundu kwa aliye hatarini. Hadi hapo hakuna jipya, kliniki zilikuwa zikipima watoto tangu zamani. Jipya lilikuwa safari ya namba hizo. Zilijumlishwa palepale, zikasomwa mbele ya serikali ya kijiji, na kijiji kikajua siku hiyohiyo kina watoto wangapi wekundu. Kisha ndipo zikapelekwa kata na wilaya. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye siku zote alizungumzia mbolea na michango, sasa alitakiwa kusema watoto hao ni wa nani, na kwa nini.

Swali la kwa nini ndilo lililofungua mlango. Nyumba nyingi zilikuwa na mahindi ya kutosha, na bado mtoto alikuwa amedhoofu. Ikaonekana kwamba mtoto mdogo alikula mara mbili kwa siku kama watu wazima, ilhali tumbo lake dogo halibebi chakula cha kutosha kwa milo miwili. Uji ulikuwa mzito na wa kujaza tumbo bila nguvu nyingi, au ukiongezwa maji unakuwa mwepesi usio na kitu. Kwa nini mara mbili tu? Kwa sababu mama yuko shambani tangu alfajiri, anarudi na kuni, anakwenda kuchota maji, na moto unawashwa jioni. Hapo mazungumzo ya lishe yakawa mazungumzo ya kazi za wanawake. Si kila mwanamume aliyehudhuria alifurahia mkondo huo, lakini namba zilikuwa mezani.

Majibu yalitofautiana kijiji kwa kijiji. Vingine vilianzisha vituo vya kulea watoto mchana ambapo walipewa uji. Vingine vilifufua matumizi ya kimea: unga wa nafaka iliyooteshwa, ambao kijiko kimoja chake hulainisha uji mzito bila kuongeza maji, kitu ambacho bibi zetu walikijua kwa ajili ya pombe. Vingine vilipanda bustani, vingine viliweka sheria ndogo. Wahudumu wa afya wa kijiji, waliochaguliwa na kijiji chenyewe, walitembelea nyumba zenye kadi nyekundu. Baada ya miezi mitatu mizani ilirudi, na kila mtu aliona kama uamuzi ulifaa. Tathmini, uchambuzi, hatua, kisha tathmini tena.

Kati ya 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu katika vijiji hivyo walishuka kutoka takriban asilimia 56 hadi 38, na wale wenye utapiamlo mkali kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Chanjo na dawa zilizoletwa na mpango zina mchango wake, na fedha za Italia hazikuwa chache. Hata hivyo, kuna jambo ambalo fedha peke yake hazikuwahi kulifanya kwingineko, nalo ni kijiji kizima kuhesabu watoto wake dhaifu na kuwajibika kwao. UNICEF ilipoandaa mwaka 1990 mchoro wake wa sababu za utapiamlo, ule ulioenea duniani kote, uzoefu wa Iringa ulikuwa ndani yake.

Wakati Iringa ikipima, Kenya ilikuwa ikichora. Robert Chambers, Mwingereza aliyekuwa afisa wa utawala huko Samburu katika miaka ya mwisho ya ukoloni, alikuwa amechapisha mwaka 1983 kitabu kilichowachambua wageni wa vijijini, yeye mwenyewe akiwemo. Mgeni, alisema, huona kijiji kilicho kando ya lami. Hufika kiangazi, barabara zinapopitika, wakati njaa na malaria za masika zimeshasahaulika. Huzungumza na wanaume, na wenye nafasi, na wanaoijua lugha yake. Maskini hasa yuko bondeni, ni mgonjwa, au yuko shambani kwa mtu akifanya kibarua, na ripoti inaandikwa bila yeye.

Mwaka 1988, huko Mbusyani, Machakos, Sekretarieti ya Mazingira ya Kenya na Chuo Kikuu cha Clark cha Marekani walifanya zoezi ambalo huhesabiwa miongoni mwa ya kwanza kuitwa tathmini shirikishi vijijini. Wakamba walikuwa na mwethya, vikundi vyao vya kusaidiana kulima na kuzuia mmomonyoko, kwa hiyo kukaa pamoja na kupanga halikuwa jambo la kufundishwa. Walitembea kukatiza eneo lao kutoka mlimani hadi mtoni, wakaandika kila walichokutana nacho, wakapanga matatizo yao kwa uzito, na maji yakaongoza. Mwaka huohuo njia kama hiyo ilianza kutumika India, na ndani ya miaka michache ikaenea Afrika na Asia.

Ukitaka kuelewa kwa nini ilipendwa, tazama kinachotokea chini ya mwembe. Mwezeshaji anamkabidhi mwanakijiji kijiti na kuomba ramani ya kijiji. Kwanza kimya. Kisha mmoja anachora barabara kwenye vumbi, mwingine anamsahihisha, majivu yanakuwa mto, majani yanakuwa msitu, kila kokoto inakuwa nyumba. Asiyejua kusoma yuko sawa na mwalimu mkuu, kwa sababu ramani iko ardhini na kila mtu anaweza kuinama na kuifuta. Wanawake wakipewa nafasi yao pembeni huchora ramani nyingine kabisa: vyanzo vya maji viko karibu na katikati, njia za kuni zimehesabiwa, na barabara kuu ambayo wanaume waliianzia iko ukingoni. Kalenda ya misimu hupangwa kwa mbegu. Mwezi wa njaa hupata rundo dogo la chakula na rundo kubwa la kazi na maradhi, na ghafla inaonekana kwamba ada na michango hudaiwa wakati mfuko ni mtupu. Mambo haya dodoso huyapita bila kuyaona.

Mtwara na Lindi, mradi uliofadhiliwa na Finland ulizichukua mbinu hizi kwa uzito katika miaka ya 1990. Katika vijiji vya pwani wavuvi hawakuanza na kisima wala darasa. Walizungumzia baruti. Watu waliokuwa wakilipua matumbawe waliharibu mazalia ya samaki, na wavuvi wa nyavu na madema walirudi mikono mitupu, huku wakiamini kwamba wenye dhamana wanajua na wamenyamaza. Hitaji hilo halikuwa na safu yake kwenye fomu yoyote ya mradi. Wanakijiji walilizungumza mbele ya kamera za video, na mikanda ikapelekwa kuonyeshwa kwa viongozi ambao wasingefika ufukweni. Serikali iliingilia kati, na mwishoni mwa muongo huo milipuko ilipungua sana kusini, ingawa baadaye ilirudi.

Shinyanga iliibua kitu ambacho kilikuwapo tangu mababu. Mkoa ulikuwa umebaki mtupu. Misitu ilifyekwa tangu ukoloni kuwafukuza mbung'o, pamba ikachukua ardhi, na kuhamishiwa vijijini kulizitenga familia na malisho yao. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni ulifanya ulichojua: vitalu, na miche ya miti ya kigeni, ambayo mingi haikustahimili. Maofisa walipokaa na wazee wa Kisukuma waliambiwa habari za ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani yabaki kwa ajili ya ng'ombe na ndama kiangazi. Fungeni ardhi, walisema wazee, visiki viko hai chini. Sheria za ngitili zilipitishwa katika dagashida, baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakazilinda. Inakadiriwa kwamba mwaka 1986 yalikuwa yamebaki maeneo ya hifadhi hiyo yapatayo hekta 600. Mwanzoni mwa karne hii yalikuwa mamia ya maelfu, katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 HASHI ilipewa tuzo ya kimataifa ya Equator.

Mafanikio ya namna hii yaliifanya serikali itake njia moja kwa nchi nzima. Kuanzia 2001 ilitengenezwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, utaratibu ambao kila kijiji kingekaa kwa siku kadhaa na wawezeshaji wa wilaya na kata, kikachora, kikapanga, na kutoa mpango wa miaka mitatu. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia jamii, nao tangu 2000 ulifungua dirisha la fedha kwa miradi iliyoibuliwa na jamii. Madarasa, zahanati na visima vingi unavyoviona vijijini leo vilitoka kwenye mikutano hiyo.

Ila kuna lililopotea njiani, na anayewajali watu wa vijijini hana budi kulisema. Iringa ilirudi kwenye mizani kila miezi mitatu. Utaratibu mpya ulikuja mara moja, ukaondoka na daftari. Vijiji vingi viliandika orodha zinazofanana, kwa sababu watu walijifunza haraka ni nini hutolewa na wafadhili, wakaomba hicho. Mipango ilifika halmashauri, ikakutana na ukomo wa bajeti, ikarudi kimya au haikurudi kabisa. Mwaka uliofuata mtendaji alipoitisha mkutano, wengi walikwenda shambani. Si uvivu. Mtu aliyetoa siku zake za msimu wa palizi kueleza shida zake na asisikie jibu amefanya hesabu sahihi anapobaki na jembe lake. Serikali yenyewe iliuona udhaifu huo, na kwa msaada wa Japani ikauboresha utaratibu, ikaweka mkazo kwenye juhudi ambazo jamii huzianza yenyewe na kwenye mwezeshaji wa kata anayebaki karibu nayo badala ya kupita.

Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yalikwenda kwenye miteremko ya mashariki ya Uluguru, katika kata ya Kibungo Juu, kwa ajili ya tatizo lilelile la mwaka 1950: udongo unaoingia Mto Ruvu. Mto huo sasa ndio unaowanywesha wakazi wengi wa Dar es Salaam. Safari hii walianza na mikutano. Wakulima walieleza mavuno yalivyoshuka, wakatembea na wataalamu mashambani, wakajadili njia za kuzuia mmomonyoko na kila moja inachukua nguvu kiasi gani. Watumiaji wakubwa wa maji wa mjini, miongoni mwao DAWASCO, lililokuwa shirika la maji la jiji, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, walikubali kuchangia malipo kwa wakulima watakaohifadhi, kulingana na ukubwa wa eneo na aina ya kazi. Wengine walichagua matuta ya fanya juu, wengine kupanda miti pamoja na mazao, wengine kuacha vipande vikali vipumzike. Na wapo waliochagua matuta ya ngazi, yaleyale, wakayachimba wenyewe na kuyatia samadi ili udongo wa chini ulioletwa juu upate chakula.